Shemeji, Ile Haikuwa Rafu

Tillery, Iowa
Jumatatu, 21 Oktoba 2013

Kwa Lowell Brandvold, shemeji yangu na shabiki wa timu iliyofungwa,

Mimi nimeamka mzima, goti langu limeamka zima, na Mbweha wa Chuo cha Harlow wameamka na ushindi wa ishirini na nne kwa ishirini na moja katika huu mpira wetu wa helmeti. Wewe na Nyati wako wa Chuo cha Kessler mmeamkaje? Usihangaike kujibu hilo, harufu ya huzuni yenu imefika hadi huku, maili arobaini.

Nilikuwepo uwanjani. Kiti ni kilekile cha miaka thelathini na nane, safu ya kumi na moja, redio yangu ndogo sikioni kama kawaida, soseji mkononi. Yule mrusha mpira wenu, namba kumi na mbili, alipigwa mbele yangu kabisa, na tangu hapo nimesikia kelele za watu wa Kessler kwa kinyozi, kanisani, hata kwenye foleni ya posta. Rafu, rafu, refa kala rushwa, refa kipofu.

Shemeji, ile haikuwa rafu. Niliiona kwa macho yangu haya mawili. Namba hamsini na mbili wetu, Cody Vance, alishusha bega, akafungua mikono, akamkumba kijana wenu kifuani, safi kama unavyofunga mlango wa ghala. Mpira ulikuwa ungali mkononi mwake, na mwenye mpira ni halali kumkumba. Refa alikuwa hatua nne tu, na kile kitambaa chake cha njano hakikutoka mfukoni hata ncha. Kama kweli ilikuwa rafu, mbona hakukirusha? Halafu mmemwingiza kijana wa akiba, akaponyokwa na mpira hapo hapo, wetu akauokota akakimbia nao uwanja mzima. Hilo nalo ni kosa la refa?

Mimi najua kupiga watu. Mwaka 1952 nikichezea shule ya Tillery niliangusha watatu kwa mkumbo mmoja, wa nne akajiangusha mwenyewe kwa heshima. Shule niliiacha mwaka uliofuata, lakini uwanja ule bado wananikumbuka, wale ambao hawajafa.

Connie ananiuliza kwa nini baba usimpigie mjomba simu. Namwambia mwulize mama yako. Yeye ndiye aliyechomoa waya wa simu mwaka 1989 tulipotukanana mpaka mbwa akajificha, akatunga sheria kwamba habari za mpira ni kwa barua tu. Hayupo sasa, lakini sheria haikufa naye. Tena naipenda. Simu ukikasirika unaikata. Barua lazima uimalize.

Sikukuu ya Shukrani ni tarehe ishirini na nane mwezi ujao. Mshindi anakata bata mzinga, aliyefungwa anaosha vyombo. Uje na aproni.

Ni mimi,
Verlin Krebs, Mbweha


Bascom, Iowa
Ijumaa, 25 Oktoba 2013

Shemeji Verlin,

Barua yako nimeisoma nimesimama, maana ukiisoma umekaa majivuno yake yanakuelemea usiinuke tena.

Mimi sikuwa uwanjani. Nilikuwa kwenye kochi langu, na televisheni ilirudia tukio lile mara nne, mara ya mwisho polepole sana. Tanner Ruud alikuwa amekwisha kuuachia mpira. Mtu angeweza kuhesabu moja, mbili. Ndipo Vance akaja, kichwa mbele, bega halikuhusika hata kidogo, helmeti yake ikamwingia kijana chini ya kidevu. Mfupa wake wa mtulinga, huu wa begani, umevunjika na msimu wake umekwisha. Sheria ya mwaka huu hata mtoto anaijua: ukimpiga mtu kwa kichwa, timu yako inarudishwa yadi kumi na tano na wewe unatoka nje. Kitambaa hakikurushwa kwa sababu refa alikuwa anafuatilia mpira ulikoangukia. Hakula rushwa. Alitazama pengine, basi.

Sasa sikiliza. Mezani kwenu nimekuja miaka arobaini na moja bila kukosa, tangu mama yetu afariki. Nimeosha vyombo mara ishirini na tatu, na sikunung'unika, kwa kuwa nilifungwa kihalali. Mwaka huu siji kuosha. Siji kabisa. Sitakuja mpaka uniandikie kwa mkono wako neno moja, kwamba ile ilikuwa rafu.

Unaweza kusema Lowell amekuwa mtoto. Labda. Lakini dada yangu aliishi nawe miaka hamsini na miwili, akafa hajawahi kukusikia ukisema umekosea. Hata ile siku ulipoegesha trekta juu ya maua yake ulisema maua ndiyo yaliyokuwa mahali pabaya. Yeye alicheka. Mimi sikuwa na subira yake. Nina miaka sabini na minne, nataka nilisikie mara moja.

Naandika kwa herufi kubwa kama kawaida. Miaka thelathini na mitano ya kuchora mabango imeniharibu mkono, siwezi tena kuandika kidogo.

Lowell


Tillery
Jumanne, 29 Oktoba

Lowell,

Hujaandika barua, umeandika hati ya mashtaka. Nimeisoma dirishani asubuhi nzima na bado sijaona ushahidi.

Kuhusu kusema nimekosea, nafasi ya kusema haijatokea, ndiyo maana. Mtu akikosea atasema. Na yale maua yalikuwa mahali pabaya kweli, yeye mwenyewe aliyahamisha mwaka uliofuata.

Wewe unaniambia habari za televisheni. Televisheni ni dirisha dogo, mtu mwingine anakuchagulia cha kutazama. Mimi nilikuwa PALE. Namba hamsini na mbili alishusha bega, akafungua mikono, akamkumba kifuani, mpira ungali mkononi. Hata mtangazaji wetu kwenye redio alisema hivyohivyo, neno kwa neno, na huyu mtu ametangaza mechi za Harlow tangu Connie akiwa na meno ya utotoni. Watu wawili tumeona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Wewe upo peke yako na kochi.

Connie amekwisha kununua bata mzinga, kilo tisa. Mume wake yuko zamu kiwandani siku hiyo, watoto wao wako Denver hawaji. Usipokuja tutakuwa mimi na yeye na ndege wa kilo tisa, tutamla mpaka Pasaka. Kile kiti chako karibu na jiko hakuna mwingine wa kukikalia, kimekaa kimeinama kwa umbo lako.

Lakini neno hilo siliandiki. Sitamwita kijana wa watu mchafu ili wewe upate kula pai. Kama una ushahidi ulete kwenye karatasi. Nionyeshe picha.

Verlin


Bascom
Jumamosi, 2 Novemba

Verlin,

Umetaka picha, hiyo hapo ndani ya bahasha. Imetoka kwenye gazeti letu la hapa Bascom, na mpiga picha ni mtu wa Harlow, kwa hiyo usinitafutie kisingizio cha upendeleo. Helmeti iko wapi? Mpira uko wapi? Itazame, halafu uandike unachokiona. Kingine sihitaji.

Habari ya kiti nimeisoma mara mbili. Lakini picha kwanza.

Lowell


Tillery
Jumatano, 6 Novemba

Shemeji yangu mpendwa, ahsante sana,

Umejifunga mwenyewe kwa kamba yako. Picha nimeipokea na nimeikagua mezani, nimeikagua dirishani, nimeikagua chini ya taa ya jikoni kwa kile kioo cha kukuzia nilichoachiwa na dada yako Arlene. Nadhani hakuna mtu katika jimbo la Iowa aliyewahi kuikagua picha kama nilivyoikagua hii.

Naanza na Vance. Ameinama, bega chini, kichwa kiko pembeni kabisa, hakimgusi mtu. Hiyo ni kazi ya shule, ndivyo tulivyofundishwa, na ningekuwa kocha ningeibandika ukutani vijana waione. Mikono yake yote miwili iko mbele, imefunguka. Sasa mpira. Ulisema mpira umekwisha kwenda. Mpira uko pale pale, shemeji, mbele ya kifua, mtu amekumbatia kwa mikono miwili, hata mimi nauona. Na yule mtu wa nyuma aliyenyoosha mkono juu ni refa. Mkono mtupu. Hakuna kitambaa. Anaashiria mchezo uendelee.

Watu wengine wanaonekana wamesimama wanatazama tu, hakuna aliyeshtuka. Kungekuwa na rafu wangeshtuka.

Kwa hiyo mjadala umefungwa, na umeufunga wewe kwa stempu yako. Sitakudai uombe radhi, mimi si mtu wa hivyo. Ukija Alhamisi ya sikukuu sitataja habari hii zaidi ya mara mbili au tatu. Connie anataka kujua kama bado unapenda ile krimu ya juu ya pai au daktari amekukataza.

Picha nairudisha humu humu. Itunze, ni ushahidi wangu.

Verlin Krebs, aliyeona


Bascom
Jumamosi, 9 Novemba

Shemeji,

Nimefungua bahasha yako, picha ikaanguka mezani, nikaitazama. Kisha nikaenda kwenye friji, na picha ya Vance na Ruud iko pale, chini ya sumaku, mahali nilipoiweka wiki iliyopita.

Nilikata picha mbili gazetini siku ile. Moja ilikuwa ya mpira. Nyingine ilikuwa ya mnada wa pai wa akina mama wa kanisa la Methodisti, kwa sababu bango lililo ukutani nyuma yao nililichora mimi, na siku hizi sichori mengi. Bahashani nikatia isiyo yenyewe.

Huyo uliyemsifu kwa kushusha bega ni Ferne Tollefson, ana miaka themanini na mmoja, anaweka pai ya cheri mezani. Mpira uliokumbatiwa ni pai ya tufaha ya dada yake. Refa ni mchungaji wetu, ameinua mkono kuita bei.

Nilicheka, Verlin. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nilitaka kumpelekea Ferne barua yako, nimwambie kuna mzee Tillery anayetaka kukubandika ukutani vijana wakuone.

Halafu nikaketi, nikaacha kucheka.

Mwaka jana ulikata bata mzinga ukajikata kidole gumba, ukasema kisu butu. Kisu kile nilikinoa mimi asubuhi ile. Aprili uliangusha kisanduku chako cha barua, ukamwambia Connie kwamba kimegongwa na gari la kuondoa theluji. Aprili, shemeji, wakati theluji imekwisha. Barua zako zilikuwa na mistari iliyonyooka, sasa inapandiana kama mbuzi. Nikatoa barua zako zote tatu za tangu mechi, nikasoma ulivyoeleza lile tukio. Maneno ni yaleyale kila mara, bega, mikono, kifua, na umeniambia mwenyewe kwamba ni maneno ya mtangazaji. Hukuona kitu. Ulikuwa safu ya kumi na moja unasikiliza redio kama mimi ningeweza kufanya nikiwa jikoni kwangu. Na kurudi nyumbani uliendesha pikapu maili thelathini.

Ninafuta sharti langu. Sitaki tena uandike kwamba ilikuwa rafu, kwa sababu huwezi kushuhudia usichokiona, wala huwezi kukikana. Nataka hili. Mwambie Connie akupeleke kwa daktari wa macho. Ukirudi, tazama lile tukio. Kisha niandikie ulichokiona, chochote kile. Ukisema ni safi, nitakuja, nitaosha vyombo, nitanyamaza. Nitakuamini. Wewe ni mtu wa majivuno na mbishi kuliko nyumbu, lakini uwongo sijawahi kuusikia kwako, na ninakujua tangu nikiwa na miaka kumi na tisa.

Usipokwenda, siji. Siwezi kukaa kwenye kiti karibu na jiko nikutazame ukishika kisu.

Lowell


Tillery
Jumanne, 12 Novemba

Lowell,

Nilijua ni pai. Nilikuwa nakujaribu wewe.

Macho yangu hayana kitu. Mwanga wa jikoni ni mbaya na magazeti siku hizi yanachapwa na wino wa bei rahisi. Kisanduku cha barua kiligongwa, aliyekigonga sijamtaja. Usinipangie daktari, mimi si farasi wako.

V. K.


Tillery
Ijumaa, 22 Novemba

Shemeji Lowell,

Utaona mistari imenyooka. Usiseme kitu.

Barua yako ya pai niliiacha juu ya friji na Connie ana tabia ya kusoma. Aliisoma yote akiwa amesimama na koti lake. Hakupiga kelele kama nilivyotarajia, angepiga kelele ningemshinda. Alichukua ufunguo wa pikapu msumarini, akautia mfukoni, akaniambia kwa sauti ileile ya mama yake, baba, kaa kwenye gari langu. Nikakaa. Ningefanya nini, mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa.

Daktari ni msichana mdogo, ana umri wa viatu vyangu. Amenitazama dakika tano akaniambia nina mtoto wa jicho. Nikamwambia binti, nina miaka sabini na minane, mtoto nitampata wapi. Akasema tena mapacha, mmoja kila jicho, na wamekuwa humo miaka mitatu au minne. Akaniuliza nilifikaje pale. Connie akamjibu kabla yangu. Daktari aliandika kitu, sikuuliza nini. Mtu mmoja alikuwa ameahirisha zamu yake ya Jumanne, wakaniweka mimi. Jicho la kulia limeshafanyiwa upasuaji, la kushoto ni Januari. Haliumi. Wenzangu chumbani walikuwa wanatetemeka, mimi nilimsimulia daktari mchezo wa 1952 mpaka akaomba ninyamaze kwa sababu kidevu kilikuwa kinasogea.

Jana Connie akaleta ile mechi, aliirekodi. Nikamwambia azime sauti. Nilitaka kutazama bila mtu wa kunisimulia. Nikatazama mara tisa.

Haya, soma. Ilikuwa rafu.

Mpira ulikuwa umekwisha kwenda, na niliweza kuhesabu moja, mbili, kama ulivyosema. Vance hakushusha bega. Alikuja na kichwa. Kijana wenu alikuwa amesimama wima kama mtu anayesubiri basi, hakujikinga, na mimi wiki nne nimekuwa nikimwita mdekaji kwa kinyozi. Nimekwenda kwa kinyozi leo nikasema mbele ya wote kwamba ile ilikuwa rafu. Walinitazama kana kwamba nimevua suruali.

Nitakwambia jinsi ilivyokuwa, kwa kuwa umesema sijawahi kusema uwongo na mimi nilikudanganya. Sikudhani ni uwongo. Kila kitu kilizidi kuwa na ukungu polepole, na mtangazaji yule ana sauti nzuri, akisema bega mimi naona bega. Nilikuwa nikiketi pale katikati ya watu elfu nane na kuona mchezo mzuri kuliko waliouona wote. Sikutaka mtu aniambie kwamba hakuna mchezo, kuna redio tu.

Lile neno lingine ulilolitaka, kwamba nimekosea, nimempelekea Arlene mwenyewe. Jumatano Connie alinipitisha makaburini. Nililisema, na hukuwepo, kwa hiyo huwezi kubisha. Na niliona jiwe. Ulipochora zile herufi zake mwaka 2010 na lile ua la yungiyungi pembeni, nilikuambia ni kazi nzuri. Shemeji, nilikuwa sijaliona. Nililigusa tu kwa kidole. Sasa nimeliona. Ni kazi nzuri.

Hayo yamekwisha. Sasa na mimi nina langu.

Katika zile mara tisa, mara tatu sikumtazama Vance. Nilimtazama namba sabini wenu, yule mnene anayemlinda mrusha mpira. Kabla Vance hajafika, sabini amemshika mtu wetu kwa kola ya jezi, amemvuta nyuma, karibu amkabe. Ni faulo kubwa kama ghala. Refa hakuiona hiyo pia. Hukunitajia namba sabini katika barua hata moja, na umetazama marudio mara nne.

Nijibu hilo. Alhamisi iko karibu.

Verlin


Bascom
Jumatatu, 25 Novemba

Shemeji Verlin,

Namba sabini nilimwona.

Nilimwona Jumamosi ile ile, marudio ya kwanza kabisa. Nikajiambia huenda ni kivuli. Marudio ya pili hakikuwa kivuli, nikaamua kutomtazama tena. Nimekudai ukweli mwezi mzima huku wa kwangu nimeukalia kwenye kochi. Jicho langu ni zima, kwa hiyo mimi sina hata kisingizio chako.

Unajua sheria kuliko mimi. Faulo moja upande huu, moja upande ule, zinafutana. Hakuna anayepewa yadi. Mpira unarudishwa mahali ulipokuwa na mchezo unarudiwa, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Habari ya jiwe nimeisoma na kuirudia. Nimekaa na barua yako jioni yote, chai ikapoa.

Nitafika Jumatano kwa basi la saa tisa. Atakayenipokea awe Connie, si wewe, ufunguo ubaki mfukoni mwake. Mwambie krimu bado naruhusiwa, daktari hajaniuliza na mimi sijamwambia.

Lowell


Tillery
Jumatatu, 2 Desemba 2013

Kwa Lowell, aliyeondoka jana na nusu ya pai yangu,

Natumaini basi lilikufikisha. Connie anasema umesahau skafu, ataipeleka posta pamoja na barua hii. Bata mzinga amebaki mapaja na mifupa, hatutafika Pasaka.

Uliniuliza Alhamisi kwa nini nilinyamaza ulipoingia, mimi ambaye sinyamazi. Nikakuambia mlango umeleta baridi. Sasa nakuandikia sababu yenyewe, kwa kuwa usoni nisingeweza, na wewe usingeweza kuisikiliza.

Ulipofungua mlango nilidhani ni mzee Brandvold, baba yako. Nilikaribia kusimama nivue kofia. Ndipo ukasema, unakodoa nini, mbishi wewe, na nikajua sauti. Lowell, lini umekuwa hivyo? Nywele zimekwisha, mabega yamelala, shingo imekuwa ya kuku. Kichwani mwangu ulikuwa ungali yule mwenye kifua kama mlango, uliyebeba ile meza ya Arlene peke yako kutoka kwenye lori. Miaka mitatu umeingia na kutoka nyumbani kwangu na mimi nilikuwa nasalimiana na yule wa zamani. Nilikuwa nikimwandikia yeye matusi. Hakuna aliyeniambia kwamba barua zinafika kwa mzee.

Najua utasema nijitazame. Nimejitazama. Kioo cha bafuni nacho kimeniletea mgeni, lakini huyo wangu bado ana sura nzuri.

Nilikutazama wakati Connie anakata nyama, kwa kuwa hakukuwa na mshindi, na wakati sote wawili tunaosha vyombo na wewe unanifundisha kusuuza glasi kama vile sijawahi kuona maji. Ulikuwa unahema ukiinua sufuria kubwa. Ulidhani sikuona. Sasa naona kila kitu, shemeji, imekuwa tabu.

Kwa hiyo nimepanga hivi. Kuandikiana msimu wa mpira tu haitoshi tena, miezi minne halafu kimya mpaka Septemba. Mimi nitaandika kila Jumatatu. Nawe ujibu, hata mistari miwili, kwa zile herufi zako za bango, ijapokuwa sasa nasoma hata ndogo. Na Januari ukija kunishika mkono wakati wanamtoa yule mtoto wa jicho la pili, kaa wiki mbili. Chumba cha nyuma nimekipasha moto leo kuona kama bado kinapashika. Kinapashika.

Shida ni kwamba Januari vijana wetu hawachezi. Connie ananiuliza mtabishania nini miezi yote hiyo. Nimefikiri. Mimi nasema theluji ya Bascom haijawahi kuizidi ya Tillery, hata mwaka mmoja, tangu nchi hii iumbwe.

Haya, bisha.

Verlin